Shati Lililozuia Ndege Mbili

Kibondo,
Jumapili, saa tisa alasiri.

Mwanangu Domitila,

Kwa heshima zote, na baada ya kikao kizito baina yangu na mama yako, ninasikitika kukutangazia kwamba yule jogoo mwekundu aliyeteuliwa kukusindikiza safarini, akiwa amekaangwa, ameukataa uteuzi. Alipokiona kisu aliruka juu ya paa la jiko, na mpaka naandika mstari huu bado yuko kule anatuhutubia. Mama yako amemtupia magunzi. Mimi nimemsihi kwa Kiswahili, nikamsihi kwa Kiha, hasikii lugha yoyote. Kikao kimeazimia kwamba utakula viazi njiani.

Hiyo ndiyo habari nyepesi. Nimeitanguliza makusudi, kama mtu anayekohoa mlangoni kabla ya kupiga hodi.

Umekwenda kumuaga bibi yako, na ninamjua mama yangu: hatakuachia mpaka jua lishuke. Kwa hiyo nina alasiri nzima, nina kalamu yako uliyoisahau mezani, na nina woga. Sikufichi, mama. Ukiona herufi zimelala, usidhani ni uzee, ingawa na wenyewe umo.

Mwanzo nilipanga kuisokomeza barua hii chini ya nguo zako ndani ya sanduku, uikute Dar es Salaam, sisi tukiwa mbali na hasira yako. Nikamweleza mama yako mpango huo nikidhani atausifu. Alikuwa anachambua maharage. Hakuinua hata uso.

"Baba Domitila, hiyo si barua. Hiyo ni mtu anakimbia."

"Sasa nifanyeje?"

"Mpe leo, mkononi. Asome akiwa hapa, basi la Kasulu halijaja. Ukishindwa nitamwambia mimi, na mimi sitakupunguzia hata chembe."

Basi utaisoma leo, mimi nikiwa nje najifanya nashughulika na jogoo.

Mambo ya kufunga sanduku kwa kamba, na ya kutomwachia mzigo mtu usiyemjua kwenye treni, mama yako atakupa yote, tena mara mbili mbili. Mimi nina jambo moja tu. Ni ile hadithi ya shati.

Unaijua kuliko mimi, maana umeisimulia mara nyingi kuliko mimi. Mwaka ule majirani zetu walipovuka kutoka Burundi na mablanketi yao vichwani, ulikuwa binti wa miaka kumi na moja. Mimi nilikuwa mlinzi wa kiwanja cha ndege hapa Kibondo; kazi ambayo kabla ya hapo ilikuwa kufukuza mbuzi, kufyeka nyasi, na kumwamkia rubani mmoja kwa juma. Mwaka ule ndege zikawa nyingi. Zilileta dawa, waganga, wakubwa, maturubai. Na asubuhi moja zikaja mbili kwa pamoja, kila moja kutoka upande wake. Hadithi inasema mlinzi aliziona, akawasha moshi wa pili kuzionya, kisha akaingia katikati ya kiwanja akipunga shati lake, huku nyuki waliokasirishwa na ngurumo za injini wakimuuma asirudi nyuma. Ndege zote mbili zikapaa tena. Watu wote wakapona.

Hivyo ndivyo hadithi inavyosema. Imeniletea heshima, imeniletea koti la mvua kutoka bomani, na sasa imekuletea kazi.

Siku ya usaili kule Kasulu, nilikuwa kwenye benchi chini ya dirisha. Hukujua kwamba nasikia. Wakakuuliza, "Binti, wenzako wanataka uuguzi na ualimu. Wewe kuongoza ndege umekutoa wapi?" Ukajibu bila kumeza mate: "Kwa baba yangu. Alizuia ndege mbili zisigongane, kwa shati." Nikasikia viti vinasogea. Ukawapa hadithi nzima, na nyuki wake wote. Yule mwenye sauti nzito akacheka, akasema, "Kumbe rada ya kwanza ya Kibondo ilikuwa mzee wako!" Wakapiga makofi. Mimi nje nikawa natazama kidole changu cha gumba kana kwamba kimeandikwa kitu.

Ukatoka unaruka. "Baba, nimewaambia!"

"Vizuri, mama," nikasema.

Kutoka Kasulu mpaka Kibondo ulinilalia begani, na mimi nilikuwa na nafasi ya kusema. Barabara ile unavyoijua, nafasi ilikuwa ndefu. Sikusema.

Kisha zikaja karatasi za chuo, nawe ukakusudia kunifundisha mimi baba yako rada. Ukachukua ungo wa mama yako, ukamwaga maharage machache, ukachomoa njiti ya ufagio ukailaza kutoka katikati mpaka ukingoni. "Huu ndio mstari," ukasema, "unazunguka kama akrabu ya saa. Kule nje kuna mtambo unazunguka pamoja nao, unatupa mawimbi ya redio. Yakigonga ndege yanarudi, na hapa kwenye kioo nukta inawaka. Kisha inafifia pole pole, mpaka mstari upite tena."

"Na kati ya mstari kupita na kupita tena?"

"Unangoja. Sekunde chache tu."

"Unangoja, na ndege zinakwenda?"

"Zinakwenda, baba."

"Kwa hiyo unachokiona ni mahali ilipokuwa. Si ilipo."

Ukanitazama kama mwalimu aliyeshangazwa na mwanafunzi wa mkia. "Ndiyo maana hatuziachi zikaribiane. Futi elfu moja, moja juu moja chini. Au kama ziko kimo kimoja, maili tano katikati."

Mama yako akadakia kutoka jikoni, "Maili tano! Mimi na baba yako mngetupa hata tatu, tungeishi kwa amani." Tukacheka. Mimi nilicheka kwa sauti kubwa kuliko wote.

Ukasogeza maharage mawili yakagusana. Ukasema hapo ndipo mtu hujulikana kama ameiva. Nukta mbili zikishikana, kioo hakikwambii ipi iko juu na ipi chini. Kioo hakijui kimo. Ipo mitambo mipya ambayo ndege yenyewe hujibu kwa namba yake na kimo chake, lakini inapokosekana hiyo, lazima umuulize rubani kwa redio.

"Na rubani akikudanganya?" nikakuuliza.

"Baba, jamani! Nani adanganye kimo chake huko angani?"

Nikayatenganisha yale maharage mawili. Nilikuwa namjua mtu ambaye angeweza.

Halafu ukaniambia jambo ambalo limenikalia moyoni tangu siku ile. Nukta zikikuchanganya, hujui ipi ni ya nani, hukisii. Unamwambia rubani mmoja ageuke kidogo, kulia au kushoto, kisha unatazama ni nukta ipi imegeuka. "Kwa hiyo unakiri mbele ya wote kwamba hujui?" nikauliza. Ukasema, "Ndiyo kazi yenyewe, baba. Bora wakuone mjinga kwa dakika moja."

Mwana wanje, mwanangu wee, ningekuwa nimelijua hilo mwaka ule! Hapana, naanza tena kudanganya. Nililijua. Hata mfuga mbuzi anajua kuuliza. Kujua hakukunisaidia kwa sababu sikutaka kuonekana.

Sasa nikueleze ninachoogopa, maana hiki ndicho kinachonitetemesha, na si ile treni. Naogopa siku utakayokuwa umekaa mbele ya kile kioo, na nukta mbili zinasogeleana, na wewe umepoteza hesabu, ipi ni ipi. Mkubwa wako amesimama nyuma yako. Masikioni una sauti mbili za watu wasioonana, kila mmoja akidhani anga yote ni yake. Ndipo kitu ndani yako kitakapokwambia: wewe ni mtoto wa mtu wa shati. Damu yenu inaona. Kisia tu, utapata. Hapo, Domitila, utakuwa umeegemea mti ulioliwa na mchwa, na mti huo ni mimi.

Nimekuegemeza vitu vibovu kabla ya hapo pia. Ile siku nilipokupeleka sekondari Tabora, nilikwambia nakwenda kununua sabuni, nikapanda gari nikarudi. Nilidhani nakuepusha na machozi. Mwalimu alituandikia kwamba ulisimama getini na ndoo yako mpaka kengele ya chakula cha jioni, ukingoja sabuni. Ulipokuja likizo hukunilaumu hata neno moja. Uliniletea kipande cha sabuni, ukakiweka mkononi mwangu. Ulinitania, na ilinistahili. Lakini unaona mtindo wangu? Jambo likiwa zito, miguu yangu hutangulia kuondoka, ulimi ukabaki nyuma ukitunga sababu.

Tena nikwambie: tangu siku ile ya shati, kila nikisikia ndege moja ikipita juu, natafuta ya pili. Niko shambani naacha jembe, natazama upande wa Kasulu, natazama upande wa Kakonko. Unakumbuka mlivyokuwa mkinicheka, kwamba baba amezoea kazi mpaka imemwingia shingoni? Si mazoea. Na lile goti lililonifanya niache kazi mwaka uliofuata, goti halina kosa. Nililisingizia.

Basi nimezunguka vya kutosha. Jogoo mwenyewe ameshuka upande mmoja wa paa akapanda upande wa pili, nami nimefanya vivyo hivyo. Sasa nasimulia.

Asubuhi ile hapakuwa na upepo. Ule mfuko wa kitambaa unaoonyesha upepo ulikuwa umeraruka zamani, na sisi tulikuwa na desturi yetu ambayo marubani wote wa huku waliijua: mlinzi huwasha moto wa majani mabichi kwenye mwisho mmoja wa kiwanja, na palipo na moshi ndipo ndege inapoingilia. Moshi mmoja, mlango mmoja. Haikuandikwa popote, lakini ilikuwa sheria.

Saa mbili mpiga simu ya upepo, ile redio ya bomani, alinitumia karatasi mbili, zimekunjwa pamoja. Ya kwanza nikaisoma: ndege ya serikali inatoka Kigoma, itafika saa nne, ina mkubwa fulani ndani. Ya pili sikuisoma. Niliitia mfuko wa shati. Nilikuwa na haraka, mama, na haraka yenyewe ni aibu. Mkubwa yule safari iliyopita alikuwa ameisifu asali yangu mbele ya watu. Nikataka akishuka tu nimpe nyingine, mbichi, inadondoka, aseme tena.

Nikawasha moto wa kiwanja upande wa Kasulu, kama inavyopasa. Nikauacha peke yake. Nikatembea mpaka mwisho wa pili wa kiwanja, upande wa Kakonko, ambako nilikuwa na mzinga juu ya mti. Unajua asali hatulini asubuhi. Kila mtu anajua. Nyuki wanaamka na jua, na hawana simile. Lakini mtu anayetaka kusifiwa hana saa. Nikawasha mwenge wa majani, na kwa kuwa niliwaogopa, nikaongeza majani mabichi mengi, na chini ya mti nikawasha moto mwingine wa kuniongezea moshi.

Ndivyo moshi wa pili ulivyopatikana. Sikumwonya mtu yeyote. Nilikuwa nalina asali.

Ile ndege ya Kigoma ikaja, ikaona moshi upande wa Kasulu, ikajipanga. Na ndege ya pili, ya waganga, iliyokuwa inatoka Mwanza, ikaona moshi upande wa Kakonko, ikajipanga. Kila rubani aliona moshi wake, akaona mlango wake, na kila mmoja alikuwa sahihi. Mimi ndiye niliyewafungulia milango miwili ya chumba kimoja chembamba, halafu nikapanda mti.

Sikuziona. Nikuapie, sikuzisikia hata kuzisikia, kwa sababu wakati huo nyuki walikuwa wameingia masikioni. Niliteleza, nikaanguka na sega mkononi. Nikainuka, nikakimbia kuelekea pasipo na kichaka, na mahali pekee pasipo na kichaka ni kiwanja. Nikavua shati nikawa nawapiga nalo, huku na huku, juu na chini, nikipiga kelele "Mawe! Mawe!" Wale waliokuwa mbali walisema nilipaza sauti ya onyo. Nilikuwa namwita mama yangu, kwa Kiha.

Kitu kilichopita juu yangu nilikijua kwa upepo wake. Nililala chini. Kikapita kingine. Nikadhani ni ndege moja imerudi.

Zilitua baadaye, moja kwanza, ya pili baada ya nusu saa, zote kwa moshi wa upande wa Kasulu, maana ule wa mtini ulikuwa umekufa. Marubani wakaja kwangu mbio. Wakasema kila mmoja alimwona mtu katikati ya kiwanja anapunga kitambaa kama mwendawazimu, akavuta ndege juu, na alipovuta tu ndipo akamwona mwenzake mbele yake, wakakwepana. Mmoja akauliza, "Na ule moshi wa pili, mzee?" Palikuwa na watu wengi wamesimama. Palikuwa na mkubwa. Ulimi wangu ukasema, "Niliuwasha kuwaonya." Wakauliza habari za nyuki. Ulimi ukasema, "Ngurumo zenu zimewakasirisha." Sikuwa nimepanga. Yalitoka yenyewe, yamekwisha kuvishwa nguo. Juma lililofuata bomani wakaifanya desturi mpya: moshi ukiwa sehemu mbili, ndege isitue. Uongo wangu ukawa sheria nzuri, na mpaka leo sijui nicheke au nilie.

Karatasi ile ya pili nimeikunja ndani ya barua hii. Ina doa la asali pembeni. Iliandikwa: ndege ya waganga kutoka Mwanza, saa nne, tafadhali jibu ipi itangulie. Niliisoma siku tatu baadaye, mama yako alipotaka kulifua shati akaitoa mfukoni, akaniwekea juu ya meza. Yeye ndiye aliyenitoa miiba siku ile, mmoja mmoja, kwa ukucha. Anajua kwamba mingi ilikuwa mgongoni, na mtu aliyeumwa na nyuki mgongoni hakuwa amesimama akiwakabili.

Nimebakiza kitu kimoja. Katika ile ndege ya waganga alishuka muuguzi mmoja, mwanamke wa makamo. Akaja akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Akaniambia, "Asante, baba. Mungu akubariki. Ulituona."

Nikamjibu, "Ndiyo, niliwaona."

Macho yangu, Domitila, yalikuwa yamevimba yamefumba yote mawili. Hata yeye nilimjua kwa sauti tu.